Anayeamua ni mtu wa pili: jibu kwa mwenyekiti wa mtaa, Mtwara

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Mtwara mjini, kipindi cha pili sasa. Wageni kwetu hawakosekani: wauguzi, walimu, mafundi wa kiwanda cha saruji, watu wa bandari, wafanyabiashara wa korosho. Tatizo hawakai. Nikifungua daftari la wakazi la miaka mitatu nyuma, majina niliyoyakata ni mengi kuliko yaliyobaki. Nasikia nchi za wenzetu zina mipango ya kuvuta wahamiaji kwenye miji midogo ya mikoani, na wanakaa kweli. Wanafanyaje? Na mtu kama mimi, nisiye na fungu, nifanye nini? Halafu hawa wanaokuja msimu wa korosho tu, niwaandike daftarini au niwaache?

Jibu: Mwenyekiti, shikamoo kama umenizidi umri, kama tu rika moja, basi habari za Mtwara.

Umetaja kwa kupita jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote uliyouliza: majina uliyoyakata. Wakubwa wakikutana kuzungumzia kuvutia watu mikoani, wanahesabu wanaoingia. Wewe umehesabu wanaotoka, na hiyo ni kazi ambayo sijaona ofisi nyingi zikiifanya. Kabla hujasoma zaidi, naomba uchukue hilo daftari, ukae na mjumbe wako mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, mpitie jina moja moja lililokatwa na kuulizana: huyu alituacha kwa nini?

Nimefanya kazi ya mipango miji miaka mingi, sita kati ya hiyo nikiwa huko kwenu, na naweza kukubashiria mtakachokikuta. Wachache waliondoka kwa sababu kazi iliisha. Wengi waliondoka kazi ikiwa bado ipo, mshahara unaingia, bosi hana neno nao. Kilichowashinda kilikuwa nyumbani. Mke alikaa ndani miezi minane bila shughuli wala shoga. Mume alikuwa na kigenge chake Morogoro, akakiacha amfuate mkewe muuguzi, akafika Mtwara akawa mtu wa kusubiri chakula kiive. Mtu wa kwanza huletwa na kazi, Mwenyekiti, lakini anayeamua kama kaya inabaki ni mtu wa pili, yule ambaye barua ya ajira haikuandikwa kwa jina lake.

Ukitaka ushahidi wa karibu, muulize afisa utumishi yeyote. Katika maombi ya uhamisho wa watumishi, sababu inayojirudia hadi inachosha ni hii: kumfuata mwenza. Tunayasoma maneno hayo kama udhuru tu. Mimi nayasoma kama malalamiko ya mtu wa pili, ambaye mji ulipomwita mwenzake haukumwita na yeye.

Na mji wako una historia ndefu ya kuita nusu ya kaya. Mtwara kwa sura hii tunayoiona, yenye barabara pana na bandari ya kina kirefu, ilichorwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na huko Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka bandarini kwenda bara, wakaletwa wahandisi, makarani na vibarua. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na miaka ya sitini reli ikang'olewa. Limebaki jina la Reli, na zile barabara zinazomfanya mgeni ajiulize zilikuwa zinamsubiri nani.

Mara ya pili ikawa gesi. Hiyo niliiona kwa macho yangu. Mwaka 2012 nilipanga nyumba Shangani. Mwenye nyumba alinipandishia kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kila mara akianza na maneno yaleyale, "Si unajua wazungu wa gesi wanakuja." Walikuja kweli, wakapanga, wakalipa kwa dola. Mwaka 2013 mji ukawaka moto kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na Oktoba 2015 bomba likazinduliwa, mwezi huohuo na kiwanda cha saruji cha Dangote. Lakini bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaporomoka na kampuni zilizokuwa zikitafuta gesi baharini zikapunguza watu. Mwenye nyumba wangu alinipigia simu mwaka 2016. Nyumba ilikuwa tupu, angenirudishia bei ya zamani, na choo angekarabati. Wale waliolipa dola walikuwa wanaume wa zamu, wiki nne kazini na wiki nne kwao. Mtu wao wa pili hakuwahi kuiona Mtwara hata kwa picha.

Sasa mnaitwa mara ya tatu. Gati jipya la mita 300 lipo, makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita hapo, na tangu msimu wa 2023/24 serikali imetaka korosho zisafirishwe kupitia bandari ya Mtwara badala ya kupelekwa Dar. Hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini ipo Mitengo. Kazi zipo, nyingi kuliko nilivyoziona zamani. Ndiyo maana swali lako limekuja kwa wakati wake.

Haya, hao wenzetu. Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu kwa sababu unafanana na mtaa wako kuliko unavyodhani.

Kuna mji Australia unaitwa Nhill, jimbo la Victoria, njiani kati ya Melbourne na Adelaide. Ni mji wa wakulima wa ngano, watu kama elfu mbili tu. Vijana wake walikuwa wakiondoka, kama wa Newala wanavyoondoka. Kiwanda cha kuchinja bata, Luv-a-Duck, kilikuwa kinataka kupanuka na hakipati wafanyakazi. Meneja wake, John Millington, akaenda kuongea na Wakaren, wakimbizi kutoka Myanmar waliokaa miaka mingi kwenye kambi za mpakani Thailand, ambao wakati huo walikuwa wakiishi pembezoni mwa Melbourne. Mwaka 2010 wakaanza watu watano.

Hapo ndipo ningekuomba utulie usome polepole. Millington na mkewe Margaret hawakuwachukua tu vijana wenye nguvu na kuwapandisha basi. Kabla ya yote waliongea na wenyeji: wanakuja watu wa namna hii, wametokea huku, wamepitia haya. Wakawaalika Wakaren waje kwanza kuuona mji, na wake zao na watoto, warudi wakafikiri. Margaret, ambaye kiwanda hakikumwajiri kwa kazi hiyo, ndiye aliyekuwa akihangaika na nyumba, shule, daktari, masomo ya Kiingereza. Baadaye wanawake wa Kikaren wakaanzisha kazi ya kushona na duka lao wenyewe pale mjini. Mwaka 2015 ulipofanywa utafiti wa kupima matunda yake, ulikadiria kuwa ujio wao uliongeza nafasi za kazi zaidi ya 70 na dola za Australia milioni 41.5 kwenye uchumi wa eneo lile. Mji wa watu elfu mbili!

Kanada nao walifika palepale kwa njia ya kiofisi zaidi. Majimbo yao manne ya pwani ya Atlantiki yalikuwa yanapokea wahamiaji ambao wakishapata karatasi wanahamia Toronto. Mwaka 2017 wakaanzisha mpango wa majaribio wenye sharti moja ninalolipenda: mwajiri akitaka kumleta mtu, lazima kuwe na mpango wa makazi ulioandikwa, wa mfanyakazi huyo pamoja na familia yake. Januari 2022 mpango huo ukafanywa wa kudumu. Wenzetu kule, kwenye karatasi ya serikali, mtu wa pili ana mstari wake.

Australia wana pia viza za mikoani, zilizoanza Novemba 2019, ambapo mtu anatakiwa aishi na kufanya kazi nje ya miji mikubwa miaka mitatu ndipo aombe ukazi wa kudumu. Watu wengi wanaitaja hiyo kama mfano mzuri. Mimi siishabikii sana. Kumfunga mtu mahali ni rahisi, na sisi tunajua kufunga: mtumishi mpya naye haruhusiwi kuhama mapema. Lakini mtu aliyefungwa huhesabu siku. Hanunui kiwanja, hapandi hata mwembe.

Turudi kwako usiye na fungu. Nianze na nyumba, kwa sababu ndiyo inayomkera mgeni wiki ya kwanza.

Nyumba nyingi za kupanga mitaani kwenu ni zile za ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo uani. Kwa kijana aliye peke yake zinatosha kabisa. Muuguzi mwenye watoto wawili na msichana wa kazi anataka nyumba ya kujitegemea, au walau vyumba viwili vyenye choo chake na sehemu ya kuanikia nguo bila kugombana. Zipo, ila mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, na dalali anadai ya mwezi mmoja juu yake. Huyu muuguzi amefika jana, mshahara wa kwanza haujulikani utatoka lini, na ameshatumia akiba yote kwenye nauli ya basi na kusafirisha kitanda. Basi anapanga chumba kimoja, familia anaiacha Dodoma "mpaka nijipange". Ukisikia maneno hayo, Mwenyekiti, ujue jina hilo utalikata. Mtu wa pili ameshabaki nyuma, na mara nyingi hafiki tena.

Huwezi kujenga nyumba, lakini unawajua wenye nyumba wote kwa majina ya utani. Waite kumi, ongea nao kwa lugha ya mfukoni: mpangaji wa miezi mitatu mitatu anayekaa miaka mitano anakulipa kuliko wa mwaka mmoja halafu nyumba ikae tupu minne. Wanaikumbuka gesi, hawatabisha sana. Wakikubali wanne tu, andika nyumba zao kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, na mgeni mwenye familia akija kujiandikisha umwoneshe huo ukurasa kabla dalali hajamwona. Mkataba uandikwe, wewe uwe shahidi. Wengine watakwambia uanze na mambo makubwa zaidi. Anza na hili.

La pili ni shughuli ya mtu wa pili. Hapa fursa kubwa kuliko zote mnayo ninyi na bado inapakiwa melini kwenye magunia. Sehemu kubwa ya korosho yetu inauzwa ghafi, inabanguliwa India na Vietnam. Miaka ya sabini na themanini serikali ilijenga viwanda vya kubangua kusini kote, na vingi vikaja kufungwa, vingine vikageuzwa maghala. Kubangua na kumenya ni kazi ambayo kwa desturi imeajiri wanawake wengi, tena inaweza kuendelea muda mrefu baada ya minada kwisha. Kila kiwanda kitakachofunguka tena, kiwe kidogo cha mtu binafsi au cha chama cha ushirika, kitamgusa mtu wa pili moja kwa moja. Hilo haliko mikononi mwako, lakini diwani wako anaweza kulisema kwenye baraza, na anahitaji mtu wa kumpa hoja.

Lililo mikononi mwako ni dogo zaidi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinataka watu wasiopungua watano wanaojuana na wanaotambulika mtaani. Mama aliyefika mwezi uliopita hana wanne wenzake. Vikundi vya zamani vinamwogopa, atahama atuachie deni. Nami siwalaumu. Hapo mhuri wako una kazi nzuri ya kufanya. Mkaribishe kwanza kwenye mchezo wa kuchangiana, wa elfu tano kwa wiki, kwa kikundi ambacho mama mzee wa mtaa anakiongoza. Baada ya miezi sita wenyewe watajua kama ni mtu wa kuaminika. Nilimwona mama mmoja aliyetoka Mbeya, fundi cherehani hodari, amekaa mwaka mzima na cherehani yake imefunikwa kitenge kwa sababu hakujua fremu ipatikane wapi wala nani anataka sare za shule zishonwe. Nyumba ya tatu kutoka kwake kulikuwa na mama aliyekuwa akipeleka sare kushonwa Masasi!

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo la tatu, maana ndilo lililonifundisha haya mengine, na halikuwa kwenye kitabu chochote nilichosomea.

Mwaka wangu wa pili Mtwara nilipigiwa simu saa kumi alfajiri. Baba amefariki, Singida. Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga, na mwaka mzima alikuwa akiniuliza tunaondoka lini, kila jioni, kwa sauti ileile. Nikawasha taa, nikaanza kutafuta nguo. Bila shaka nililia kwa sauti, sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba kabla sijafunga begi mlango uligongwa. Alikuwa jirani anayepika vitumbua, mama ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tumepeana naye salamu tu. Alikuwa ameacha chuma motoni, kanga begani, mikono bado ina unga wa mchele. Akamwambia mke wangu: "Mwanangu, wewe vaa. Huyu mkubwa niachie, atalala kwangu." Hakuuliza nani amekufa. Nilipofika kituo cha basi nilimkuta mwenyekiti wa mtaa, mwenzako, na daftari la mistari la mtoto wa shule mkononi. Lilikuwa na majina thelathini na kitu: mia tano, elfu moja, mia tano, elfu mbili. Wengine sikuwa nawajua hata kwa sura. Aliichana ile karatasi akanipa pamoja na fedha, akasema na huko uendako uisome, wajue ulikotoka kuna watu.

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Mke wangu aliporudi kutoka msibani hakuuliza tena tunaondoka lini. Mtaa haukufanya lolote kumvutia. Hakuna aliyempa ofa ya kiwanja wala punguzo la kodi.

Kwa hiyo nikikuuliza kitu kimoja kuhusu mtaa wako, nitauliza hiki: mgeni wa miezi mitatu akifiwa usiku, nani anapata habari? Kama mjumbe hajui hata simu yake, msiba utampita na yeye atawapita. Ongeza safu mbili kwenye daftari, Mwenyekiti. Moja iwe ya namba ya jirani wa karibu, nyingine iwe ya nani amekuja naye na anafanya nini. Kwa rula na kalamu ni kazi ya nusu saa.

Na msiseme hamjui kupokea mtu. Kusini mnajua kuliko sisi wa bara. Jamii zenu nyingi, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, zilifuata ukoo wa mama, na kwa Wayao na Wamakua mwanamume akioa ndiye aliyehamia kwa kina mkewe. Maana yake karibu kila kijiji kilikuwa na wageni ndani ya nyumba zake, wanaume waliotoka kwingine, na watu walijua namna ya kuishi nao: aoneshwe pa kulima, apimwe kwa kazi, atambuliwe kwa wakwe zake. Hakuachwa aelee. Leo muuguzi wa Bukoba anakaa miaka kumi, mtoto wake amezaliwa hospitali ya Ligula hapo mjini, anaongea Kimakonde cha kuchezea mpira, na bado mtaani ni "mtoto wa wale wabara". Neno hilo halina ubaya likisemwa kwa utani. Likisemwa kwenye kikao cha shule, lina ubaya.

Sasa mgeni ambaye watu wengi humsahau. Kusini kwa miaka mingi kumekuwa kukitoa watu. Jina lenyewe la machinga, tunalowaita vijana wachuuzi nchi nzima, wengi hulirudisha kwa vijana wa Lindi walioingia Dar na bidhaa mkononi. Nenda Mbagala siku ya Jumapili ukasikilize lafudhi. Hao wana jambo ambalo Mkaren wa Nhill hakuwa nalo: shangazi yupo, shamba la mikorosho la mama lipo, lugha wanayo. Ila wameoa Dar, na mtu wao wa pili ni Mzaramo au Mchaga asiyeijua Mtwara isipokuwa kwa hadithi za umbali na kuzuiwa njiani, kama Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika huko Somanga. Kama ningekuwa na basi moja la kukodi, nisingelipeleka kwenye maonesho ya uwekezaji. Ningelijaza hao wake na waume wa Mbagala wiki moja ya mwezi wa kumi, wakati korosho zinaokotwa na fedha za mnada zinaingia, wapike, walale, waone shule. Ndivyo Nhill walivyofanya.

Tahadhari mbili, nitazipitisha haraka. Ya kwanza ni ardhi. Watu wakiletwa bila nafasi yao kupangwa, wanaolipa ni wenyeji na wageni pamoja. Wafugaji walioondolewa Ihefu na Usangu kuanzia mwaka 2006 na kuelekezwa mikoa ya kusini walifika Kilwa, Lindi na Nachingwea na ng'ombe wao, sehemu nyingi bila majosho wala njia za mifugo kuwa tayari, na ugomvi na wakulima haujakoma sawasawa mpaka leo. Wala kusini si mahali patupu tena. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 Lindi iliongezeka watu wasiofika elfu 80. Kutoka 2012 hadi 2022 ikatoka 864,652 hadi 1,194,028, zaidi ya laki tatu. Uzazi peke yake hauelezi tofauti hiyo. Kwa upande wako, mgeni anayetaka kiwanja mpeleke kwa maafisa ardhi wa manispaa. Mhuri wako usiwe wa kuuzia viwanja, hata kama muuzaji ni mjomba wako. Mgeni aliyeuziwa kiwanja cha mtu hukata mizizi yake na ya wenzake watano aliokuwa akiwasimulia habari za Mtwara.

Ya pili ni mpaka. Mto Ruvuma una ndugu huku na huku, na tangu vurugu za Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, zianze Oktoba 2017 wapo wanaovuka kwa hofu na wapo wanaovuka kama walivyovuka siku zote, kuuza na kuzika. Kusini kumewahi kupokea: Rutamba, Lindi, kulikuwa na makazi ya wakimbizi wa Msumbiji tangu miaka ya sitini. Lakini kumpokea raia wa nchi nyingine kuna sheria zake, na si juu ya mwenyekiti wa mtaa kuamua nani mkimbizi. Toa taarifa Uhamiaji, na wakati huohuo mpe mtu maji ya kunywa. Moja halizuii lingine.

Mwisho swali lako la msimu. Kuanzia Oktoba mji unajaa: wapakiaji wa maghalani, madereva wa malori wanaolala chini ya magari yao wakisubiri zamu, wachuuzi wa nguo na simu wanaofuata fedha za mnada hadi Tandahimba. Wengi wao hawataki kukaa, na usipoteze nguvu kuwashawishi. Kwao Mtwara ni shamba la kuvuna, na hakuna kosa. Ila kila msimu kuna wawili watatu ambao Februari inafika bado wapo. Mmoja amepata kibarua bandarini, mwingine amepata mchumba Chikongola. Hao ndio wa kuwafungulia macho, hasa yule anayeanza kuulizia shule ya msingi iliyo karibu, maana ameshapanga kumleta mtu.

Kwa hiyo waandike wote, lakini kwa penseli. Atakayevuka mwezi wa tatu, mpitishie kalamu ya wino, na siku hiyohiyo umuulize mwenzake anaitwa nani.